Kiti kifupi na kahawa chungu: namna wafiwa wa Israeli na Palestina wanavyokaa pamoja

Septemba 1997, Rami Elhanan alikaa siku saba nyumbani kwake Yerusalemu kumlilia binti yake Smadar. Mtoto alikuwa na miaka 13. Alikuwa ametoka kwenda kununua vitabu vya shule, akauawa tarehe 4 katika mtaa wa Ben Yehuda, Wapalestina watatu walipojilipua. Watu kwa maelfu walipita kutoa pole. Mmoja wao alikuwa Yitzhak Frankenthal, ambaye mwanawe Arik alitekwa na kuuawa na Hamas mwaka 1994. Walipokutana tena baada ya mwaka hivi, ndipo Rami alipokumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kuingia sebuleni mwake siku zile, na hasira zikampanda. Unathubutuje kuja kwa mtu aliyemzika mwanawe juzi, ukaja na habari za amani?

Hasira ile ilikuwa ya haki, na anayetaka kuelewa kazi ya kuwakutanisha wafiwa wa pande hizi mbili aanzie hapo. Kosa la kwanza katika kazi hii ni la saa. Maneno yaleyale yanayomwinua mfiwa baada ya mwaka humchoma yakisemwa siku ya nne.

Msiba wa Kiyahudi huitwa shiva, yaani saba. Maziko hufanywa haraka, ikiwezekana siku ileile, kisha wafiwa wa karibu hukaa nyumbani siku saba kwenye viti vifupi au chini kabisa, vazi limechanwa kidogo kifuani, vioo vimefunikwa. Mlango haufungwi, atakaye aingie. Chakula cha kwanza baada ya kutoka makaburini huletwa na majirani: mayai ya kuchemsha na dengu, vitu vya mviringo. Ipo na kanuni moja ambayo wageni wengi huivunja kwa kudhani wanafariji, nayo ni kwamba anayekuja kutoa pole hukaa kimya mpaka mfiwa aseme kwanza. Asiposema, mgeni hukaa, kisha huondoka.

Kwa Wapalestina tanga ni la siku tatu, wenyewe huliita aza. Wanaume hukaa upande wao na wanawake wao, watu wakizidi husimamishwa hema. Kahawa hutiwa bila sukari katika vikombe vidogo, na tende ziko karibu. Nyumba ya msiba haipiki, majirani ndio hupika. Mtu wa Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Angeingia katika hema lile akajua pa kuvulia viatu.

Mila hizo mbili zinafanana kuliko wenyewe wanavyopenda kukiri. Lakini katika mgogoro huu marehemu hapati nafasi ya kuwa marehemu tu. Mpalestina akiuawa na jeshi huitwa shahidi kabla mama yake hajafika hospitali, picha yake hubandikwa kuta za mtaa mzima, vyama hugombea bendera ya kufunikia jeneza, na mara nyingi huzikwa na nguo zake bila kuoshwa, kama ilivyo kwa shahidi. Upande wa pili, askari wa Israeli akifa, maafisa wenye sare hubisha hodi mlangoni, jeshi hupanga mazishi, na jina huingia katika hesabu ya taifa. Kila upande maiti hupata wenyewe wengi. Baba na mama husogezwa mstari wa nyuma, na huambiwa wajivunie. Ndiyo maana wafiwa waliopita njia hii wakikutana, swali linalofanya kazi si "unaonaje kuhusu amani?" Swali ni "alikuwa mtu wa namna gani?" Alipenda nini, alikuwa mbishi, alilala saa ngapi. Ukiuliza hivyo mtoto hurudi kuwa mtoto kwa dakika chache, na aliyeuliza ni mtu wa upande ule uliomuua.

Frankenthal hakukata tamaa na Rami. Alimwalika aje aone kwa macho mkutano wa wafiwa wa pande zote mbili. Rami mwenyewe amesimulia mara nyingi hadharani: alisimama pembeni akiangalia watu wakishuka kwenye mabasi, hana imani nao hata kidogo, mpaka aliposhuka mama wa Kipalestina aliyevaa gauni refu jeusi, na kifuani picha ya mtoto. Mkewe naye alikuwa akitembea na picha ya Smadar namna ileile. Hakuna hotuba iliyofanya alichofanya kile kipande cha karatasi, na hadi leo katika mikutano ya wafiwa picha ni muhimu kuliko kipaza sauti.

Jumuiya yenyewe, Mzunguko wa Wazazi, Frankenthal aliianzisha mwaka 1995. Familia za pande mbili zilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na waliokuja kutoka upande wa Palestina walikuwa wa Gaza. Mwaka 2000 ilipoanza Intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya Israeli, njia ya Gaza ikakatika, ikabidi kuanza upya na familia za Ukingo wa Magharibi na Yerusalemu Mashariki. Leo familia ni zaidi ya 600. Wanachama husema wao ni jumuiya pekee duniani isiyotaka wanachama wapya. Ni mzaha, lakini hakuna anayeucheka sana.

Sasa, wakutane wapi? Hapa ndipo mipango mingi hufia, na hufa kwa mambo madogo ya kiserikali. Makubaliano ya Oslo ya 1995 yaliugawa Ukingo wa Magharibi katika maeneo A, B na C: A chini ya Mamlaka ya Palestina, C chini ya Israeli, na B mchanganyiko. Mwisraeli amekatazwa na sheria ya nchi yake kuingia eneo A, na kwenye barabara za kuingilia kuna mabango mekundu yanayomwambia hivyo. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi hawezi kuingia Israeli bila kibali. Kwa hiyo mkutano wa watu 30 unahitaji chumba mahali ambapo wote wanaweza kufika bila mmoja wao kuvunja sheria, na mahali hapo ni pachache. Beit Jala, juu ya mlima kando ya Bethlehemu, ni pamoja napo, kwa kuwa sehemu yake iko eneo C. Ndiyo sababu mji mdogo kama ule umeona mikutano ya amani mingi kuliko miji mikubwa.

Mkutano ukiwa ndani ya Israeli, orodha ya majina na namba za vitambulisho hupelekwa mapema kuombewa vibali. Hapo kuna kikwazo ambacho mgeni hakitarajii: kufiwa kwenyewe ni sababu ya kunyimwa. Familia iliyouawa ndugu yake na jeshi huweza kuwekwa katika orodha ya waliozuiwa, kwa hofu kwamba atatokea mmoja alipe kisasi. Kwa maneno mengine, wale hasa wanaotakiwa chumbani ndio wa kwanza kufutwa kwenye orodha. Mwandaaji mwenye uzoefu huomba majina mengi kuliko viti alivyo navyo, na hawaahidi Waisraeli kwamba fulani atakuja. Na kama kizuizi cha jeshi kimechelewesha basi, walioko ukumbini wasianze. Ukianza bila wenzio umeshawaambia nani mwenye nyumba na nani mgeni.

Chumbani kuna suala la lugha. Wapalestina wengi wa jumuiya hizi wanajua Kiebrania; baadhi walijifunza kazini, wengine gerezani. Mmoja wao, Bassam Aramin, alikamatwa akiwa na miaka 17, akafungwa miaka saba, akatoka anakijua. Waisraeli wanaojua Kiarabu vizuri ni wachache. Kishawishi ni kuendesha kila kitu kwa Kiebrania ili muda usiende. Ni kosa. Mtu humlilia mwanawe kwa lugha aliyomlelea, na Mpalestina akilazimika kulia kwa Kiebrania analia kwa lugha ya kizuizini. Afadhali mkalimani, sentensi fupi fupi, na mkutano uende saa tatu badala ya saa moja na nusu. Ule muda wa kusubiri tafsiri una faida yake: hasira hupoa kidogo kabla haijajibiwa, na msikilizaji humwona msemaji uso kabla ya kuelewa maneno.

Kisha kuna maneno yenyewe. "Shahidi" kwa Mpalestina ni heshima kwa maiti yeyote aliyeuawa katika mgogoro huu, hata mtoto mchanga. Mwisraeli husikia mtu aliyejilipua. Mwaka 1948, Israeli ilipoundwa, kwa mmoja ni Vita vya Uhuru, kwa mwingine ni Nakba, yaani janga. Kujaribu kutafuta neno la tatu litakalowaridhisha wote ni kupoteza asubuhi nzima. Kilichofaa zaidi ni kila mtu atumie neno lake, na mwenzake asimsahihishe ila amuulize maana yake. Mzunguko wa Wazazi umeendesha vikundi ambavyo washiriki huenda pamoja Yad Vashem, makumbusho ya mauaji ya Wayahudi, na pia kwenye kijiji cha Kipalestina kilichobomolewa mwaka 1948. Ziara zote mbili, si moja. Na baina ya mikutano ya pamoja kila upande hukutana peke yake, kwa sababu yapo mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya mwenzie wa upande wa pili, na yasiposemwa popote hutoka siku mbaya.

Neno linaloua mkutano haraka kuliko yote ni "lakini". Pole sana kwa mwanao, lakini nyinyi nanyi... Baada ya hapo hakuna msiba tena, kuna mashindano. Anayeongoza hukata hapohapo, tena bila aibu.

Yapo malalamiko makubwa kuliko adabu ya mazungumzo, na si vizuri kuyafunika. Wapalestina wengi huita mikutano hii tatbii, yaani kuyafanya mambo yasiyo ya kawaida yaonekane ya kawaida: kukaa kunywa kahawa na watu wa nchi inayowakalia kimabavu, kisha mmoja anarudi Tel Aviv kwa lami na mwingine anapanga foleni kizuizini. Waisraeli wengi nao husema mnawaweka waliouawa na wauaji katika sinia moja. Mimi naona hoja ya kwanza ina uzito zaidi kuliko wapenda amani wa nje wanavyotaka kukubali. Machozi yanafanana, lakini vitambulisho havifanani. Mkutano unaojifanya pande hizi ziko sawa huwapoteza Wapalestina wake wote baada ya mara ya pili. Wale waliodumu ni wale waliosema wazi kwamba kukalia ardhi ya watu lazima kwishe, wakaendelea kukutana hata hivyo.

Bassam ni mfano wa jambo hili. Binti yake Abir, miaka 10, alipigwa risasi ya mpira kichwani Januari 2007 karibu na shule yake Anata, mji ulio kando ya Yerusalemu, na aliyefyatua alikuwa askari wa polisi wa mpaka. Wakati huo baba yake alikuwa tayari mmoja wa waanzilishi wa Wapiganaji kwa Amani, kundi la waliokuwa askari wa Israeli na waliokuwa wapiganaji wa Kipalestina. Hakusema "nimesamehe" akanyamaza. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2010 mahakama ya Israeli ikaamua kwamba dola ndiyo ya kulaumiwa. Wale wenzake waliowahi kuvaa sare walikwenda Anata kujenga uwanja wa michezo shuleni kwa jina la Abir. Yeye na Rami leo huzungumza pamoja nchi nyingi. Kumbe mtu anaweza kudai haki kwa mkono mmoja na kukaribisha wageni kwa mkono wa pili. Wanaomtaka mfiwa achague kimoja wapo hawajamsaidia.

Kwa miaka mingi wafiwa wawili wawili, Mwisraeli na Mpalestina, walikuwa wakiingia madarasa ya Waisraeli wa miaka 16 na 17, mwaka mmoja au miwili kabla ya kuitwa jeshini. Kila mmoja husimulia kwa zamu, halafu maswali. Wanafunzi wengi hapo ndipo walipomwona Mpalestina kwa mara ya kwanza akiwa hayuko upande wa pili wa bunduki au habari. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Israeli iliiondoa jumuiya katika orodha ya wanaoruhusiwa kuingia shuleni.

Hafla ya pamoja ya kumbukumbu nayo imepita katika tundu la sindano. Siku ya kumbukumbu ya Israeli huanza jioni kwa king'ora cha dakika moja saa mbili usiku, na kesho yake saa tano asubuhi kingine cha dakika mbili. Magari husimama barabarani, watu hushuka na kuinamisha vichwa. Tangu mwaka 2006, jioni hiyohiyo, Wapiganaji kwa Amani, na baadaye pamoja na Mzunguko wa Wazazi, huwakumbuka waliouawa wa pande zote mbili. Tatizo ni kwamba katika siku hizo jeshi hufunga njia kwa Wapalestina. Mwaka 2018 waziri wa ulinzi alikataa kuwapa wafiwa wa Kipalestina vibali, Mahakama Kuu ikamwamuru awape. Mwaka 2019 ikawa vilevile, na 2023 tena. Baada ya Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia Israeli na vita vya Gaza vikaanza, hata mlango huo ulifungwa, hafla ya 2024 ikarekodiwa mapema na kurushwa. Aprili 2025, watu waliokusanyika kuitazama katika sinagogi moja mjini Ra'anana walivamiwa na wapinzani. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti, wanaangalia skrini.

Barua ni njia nyingine, na inahitaji tahadhari yake. Robi Damelin, aliyezaliwa Afrika Kusini, alimpoteza mwanawe David Machi 2002, alipouawa na mdunguaji wa Kipalestina kwenye kizuizi cha jeshi pamoja na watu wengine tisa. Mdunguaji alipokamatwa, Robi aliiandikia familia yake barua, na Wapalestina wa jumuiya wakaifikisha kwa mkono. Jibu halikuja kwa muda mrefu. Lilipokuja lilitoka kwa mfungwa mwenyewe, na halikuwa la kuomba radhi. Alieleza kwa nini alifanya alichofanya. Anayetaka kuandika barua kama hiyo aandike akijua hilo linawezekana, na aulizwe mapema na watu wanaompenda: ukijibiwa vibaya, je, utajuta kuandika? Kama jibu ni ndiyo, barua ikae kwenye droo kwanza. Robi hakujuta, aliendelea na kazi.

Simu, ajabu, imefanya vizuri kuliko nilivyodhani simu inaweza. Mwishoni mwa mwaka 2000 mwanamke wa Israeli alikosea namba, akampata mwanamume wa Gaza, na badala ya kukata wakazungumza. Kutokana na hapo, mwaka 2002, Mzunguko wa Wazazi ulifungua laini iliyowaunganisha Waisraeli na Wapalestina wasiojuana kwa mazungumzo ya hadi nusu saa. Simu zilipita milioni moja. Nyingine zilikuwa za kutukanana, bila shaka. Lakini mtu anayetukana kwa nusu saa hatimaye hubidi apumue, na akipumua anasikia mtoto analia nyuma ya yule mwenzake.

Oktoba 7, 2023 wapiganaji wa Hamas waliwaua wazazi wa Maoz Inon nyumbani kwao Netiv HaAsara, karibu kabisa na ua wa Gaza. Miongoni mwa waliomwandikia mapema alikuwa Aziz Abu Sarah, Mpalestina wa Yerusalemu ambaye kaka yake Tayseer alifariki mwaka 1991 kwa majeraha ya kipigo alichopata akiwa mahabusu Israeli. Ujumbe ulikuwa wa pole tu. Kwa roho ulifanana na ile kanuni ya mgeni asiyeanza kuhubiri kabla mfiwa hajasema, ila huu ulipitia simu. Kazi ya pamoja ilifuata baadaye, na Mei 2024 wawili hao walikumbatiana mbele ya Papa Francis katika uwanja wa kale wa Verona.

Kwa Gaza, karibu yote niliyoyaeleza hayatekelezeki. Tanga la siku tatu linataka nyumba, majirani wa kupika, na maiti. Watu kwa maelfu wamezikwa bila kaburi lenye jina, wengine wako chini ya kifusi. Kumwambia aliye katika hali hiyo habari za kukutana ni kurudia kosa la sebule ya Rami kwa ukubwa usiopimika. Kwanza risasi zikome, watu wazike.

Na kuzika kwenyewe kumefanywa silaha. Israeli hushikilia miili ya Wapalestina kwenye majokofu na katika makaburi yenye namba badala ya majina. Hamas ilishikilia miili ndani ya Gaza ili ibadilishane. Mwili wa askari mmoja wa Israeli aliyeuawa mwaka 2014 ulirudishwa Novemba 2025. Sheria ya Kiyahudi ina jibu kwa mambo kama haya: siku saba huanza kuhesabiwa kaburi likishafukiwa, na pasipo mwili huanza siku familia inapokata tamaa ya kuupata. Waislamu wana swala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwepo. Majibu yote mawili yanadai mtu aseme, leo nimeacha kusubiri.

Huku kwetu wapo waliolazimika kulijua hilo. Vijana wawili wa Kitanzania, wanafunzi wa kilimo waliokuwa mafunzoni karibu na mpaka wa Gaza, waliuawa Oktoba 7. Kifo cha mmoja kilithibitishwa Novemba 2023. Wa pili alitangazwa Desemba kuwa alikufa siku ileile na kwamba mwili wake uko Gaza, na ulirudishwa Novemba 2025. Katikati ya tarehe hizo mbili za mwisho, nyumbani kwa huyu wa pili kulikuwa na tangazo la kifo, na hapakuwa na jeneza la kukaa kando yake.